Zamu ya Maji

Sindano ilianguka mara ya kwanza mwezi wa Shaabani,
nikasema ni usingizi.
Mara ya pili nikasema ni jua la Birkat al-Mauz.
Mara ya tatu nilikuwa nimefika tobo la mia mbili na kumi na moja
katika kofia ya harusi ya Muhanna, mtoto wa dada yangu,
na kidole gumba hakikujua tena
kama kimeshika chuma au kimeshika hewa.

Nizwa wakanilaza ndani ya mashine inayogonga kama fundi mabati.
Daktari Thuraiya akanionyesha ubongo wangu:
wa kijivu, umetulia, na ndani yake madoa meupe,
kama chokaa iliyomdondoka mpaka rangi mzembe.
"Hapa," akasema, "ala imeliwa."
Ala gani?
"Ya mshipa wa fahamu. Ule uzi unaouzungusha ukingoni mwa tobo.
Ukikatika uzi, kitambaa chafumuka.
Ikiliwa ala, amri iliyotoka kichwani
yamwagika njiani, kidole hakipati kitu."

Nilitaka jina. La mdudu, la kijicho, la mtu,
nimpe Mungu usiku nikilala.
Hakuna.
Ni damu yangu mimi, seli nyeupe zilizozaliwa kunilinda,
zimevuka ukuta zisioruhusiwa kuvuka,
zimefika mlangoni kwangu
zikasoma jina la mwizi.

Mama alizoea kusema: kikulacho ki nguoni mwako.
Hakuniambia kwamba huenda ni nguo yenyewe.

"Na humo ndani," akaendelea, "wamo wafagiaji, wenyeji wa ubongo,
wana mikono mirefu kama matawi.
Wakitulia, wanafagia.
Wakihamaki, wanachoma taka na nyumba."

Nikamuuliza: hakuna wa kuwaambia basi?

Akaweka kalamu chini.
Wapo, akasema. Ni seli chache,
haziui, hazijengi, hazibebi kitu.
Kazi yao ni hiyo moja, kusema basi.
Zako zimepungukiwa sauti.

Hapo nikamkumbuka marehemu Harib,
miaka kumi na tisa arifu wa falaji.
Watoto walidhani baba yao ndiye mwenye maji,
naye hakumiliki hata ndoo.
Alikuwa na daftari, saa ya mkononi,
na kijiti kilichotupa kivuli juu ya mawe.
"Zamu ya Bin Saif imekwisha. Zamu ya wajane."
Basi.
Mwaka aliolazwa figo, hakuna aliyeshika daftari.
Kila mtu alifungua, hakuna aliyefunga.
Migomba ya chini ikaoza mizizi
katika maji matamu yale yale tuliyoyaombea.

Sasa kila miezi sita naketi kwenye kiti cha dripu.
Bindu, muuguzi, ananifunika shuka la pili bila kuulizwa.
Dawa haiwaui askari wote. Wakiisha wote,
kikohozi cha mjukuu kitanizika.
Inawapunguza, inawachelewesha mlangoni,
na mimi nahesabu matone kama nilivyohesabu matobo,
napotea, naanza upya.

Kofia nilimaliza. Upande wa kulia matobo yamekwenda mrama.
Muhanna aliivaa hivyohivyo, akaugeuzia ukutani upande ule
wakati wa picha. Nilimwona. Sikusema.

Jana zamu yetu ilianguka saa nane usiku.
Mwanangu amelala, Juni imeshika digrii arobaini hata gizani,
na joto likipanda jicho langu la kushoto linaingia ukungu.
Nilikwenda mwenyewe, mguu unaburura,
mkono mmoja ukutani.
Nikayasikiliza maji yakinywewa na mitende
mpaka saa ikasema.
Nikalichukua jiwe lililofungwa matambara,
nikalisukuma kinywani mwa mfereji kwa kiganja,
maana vidole siviamini.

Maji yakasita. Yakapanda kidogo, kama yanabisha,
kisha yakageuka kwa jirani.

Jiwe lilikuwa baridi.
Kiganja kilinambia hivyo. Kidole gumba
bado nakisubiri.